Saratani si Jambazi, ni Umati

Kuna sentensi moja ambayo nimeichoka. Nimeisikia redioni, nimeisikia kwenye semina, nimeisikia ikitoka vinywani mwa watu waliovaa koti jeupe na watu waliovaa kanzu: "Saratani ni seli moja iliyoasi." Sentensi hiyo si uongo mtupu. Ni kweli kwamba mwanzo wa saratani ni chembe hai moja, yaani seli, ambayo maagizo yake ya ndani yameharibika, nayo ikaanza kujigawa bila mpango. Lakini ukweli ukikatwa nusu ukatangazwa kama mzima, hudhuru sawasawa na uongo. Sentensi hiyo imetuachia picha ya jambazi aliyejificha mwilini. Na picha hiyo, nasema bila kumung'unya maneno, inawapeleka watu kaburini katika mitaa hii ninayoishi.

Mimi si daktari. Ni mwalimu mstaafu wa fizikia, mkazi wa Kariakoo tangu nilipoanza kazi. Somo langu lote lilihusu jambo moja dogo: nguvu ni kusukuma au kuvuta. Msomaji atauliza, mwalimu wa fizikia anatafuta nini katika saratani? Jibu langu ni kwamba uvimbe wa saratani, pamoja na mambo yake mengine yote, ni mkusanyiko wa vitu vinavyosukumana na kuvutana. Asiyeelewa hilo hawezi kuelewa kwa nini uvimbe huwa mgumu, kwa nini mwanzoni hauumi, wala kwa nini siku moja huvuka mpaka wake. Na asiyeelewa hayo matatu ni mteja mzuri wa kila muuza maneno.

Watu wa Kariakoo hawahitaji kufundishwa umati ni nini. Jina lenyewe la mtaa wetu limetokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Carrier Corps. Tumepewa jina na watu waliobebeshwa mizigo. Pita Mtaa wa Kongo siku chache kabla ya Idi. Hutembei, unapelekwa. Kila mtu ana shughuli yake, hakuna kamanda, hakuna anayepiga filimbi, lakini utaona mpangilio. Wanaokwenda Msimbazi wanajikuta mkondo mmoja, wanaotoka Msimbazi mkondo mwingine. Mkokoteni ukipenya, nyuma yake hufunguka kichochoro na watu kumi wanakifuata. Guta likikwama kwenye kona, mtaa mzima unaganda, na hata mwenye haraka kuliko wote hana pa kwenda. Ukimkamata mtu mmoja katika umati ule ukamhoji mpaka jioni, hutajua kwa nini mtaa uliganda. Jibu haliko ndani yake. Liko baina yake na wenzake.

Hivyo ndivyo ilivyo kwa seli. Zitazame kwa mambo matatu: kushikana, kuvutana na kubanana.

Kwanza, kushikana. Juu ya ngozi ya seli nyingi za mwili mna protini inayoitwa kadherini, nayo ni kama gundi inayoishikamanisha seli na jirani yake. Mwaka 1955 Townes na Holtfreter walichapisha majaribio ya ajabu: walizitenganisha seli za kiinitete cha jamii ya vyura, wakazichanganya ovyo, nazo zikajipanga upya zenyewe, aina hii ndani, aina ile nje. Miaka ya 1960 Malcolm Steinberg alieleza kwamba zinafanya hivyo kama mafuta na maji yanavyojitenga: zinazoshikana kwa nguvu zaidi hukusanyika katikati, zinazoshikana kwa ulegevu huzizunguka. Mpaka kati ya tishu na tishu, basi, haulindwi na ukuta peke yake. Unalindwa pia na kushikana.

Saratani huichezea gundi hii kwa namna mbalimbali. Ipo aina ya saratani ya titi inayoanzia kwenye vijitezi vya maziwa, ambayo kwa kawaida hupoteza kadherini yake. Seli zake hupenya katika nyama ya titi moja nyuma ya nyingine, mstari mmoja kama siafu, na kwa sababu hiyo mara nyingi hazifanyi donge la kushikika. Mama anaweza kupapasa asikute kitu, ila titi limekuwa zito au ngozi imevutwa ndani. Aina iliyo ya kawaida zaidi hubakiza gundi, ikafanya donge. Ugonjwa una jina moja, mpangilio ni tofauti, na chanzo kikubwa cha tofauti hiyo ni nguvu ya kushikana.

Pili, kuvutana. Ndani ya seli mna nyuzi nyembamba zinazojikaza kwa mashine ileile inayokaza misuli ya mkono wako. Mwaka 2009 Xavier Trepat na wenzake walipima namna seli za figo ya mbwa, zilizooteshwa maabara zikiwa tabaka moja, zinavyosonga mbele. Mtu angetegemea safu ya mbele iwe inawakokota wa nyuma kama punda anavyokokota gari. La hasha! Waliona kwamba hata seli zilizo safu nyingi nyuma zilikuwa zinavuta, kila moja ikimvuta jirani yake, kama mchezo wa kuvuta kamba shuleni. Mwaka 2017 kundi la Trepat, huko Barcelona, likaonyesha jambo la kusikitisha zaidi. Mwilini mna seli ambazo kazi yake ya halali ni kufuma nyuzi za kushikilia nyama na kuziba vidonda. Seli hizo, pale karibu na uvimbe, zilizishika seli za saratani kwa gundi na kuzivuta nje ya donge, zikizifungulia njia. Hapo jambazi ni nani? Anayevuta ni fundi wa nyumba.

Tatu, kubanana. Mwaka 1997 watafiti wa Boston, akiwamo Rakesh Jain, waliotesha vibonge vya seli za saratani ndani ya ute mzito. Ute ulipokuwa mgumu zaidi, kibonge kiliacha kukua kikiwa kidogo. Walipoondoa mgandamizo, kikaendelea kukua. Ndani ya mwili nguvu hiyo hufanya kazi nyingine pia: seli zinazojazana huibana mishipa midogo ya damu mpaka inajifunga, na dawa inayopita kwenye damu haifiki katikati ya uvimbe. Kisha liko suala la kuganda na kuteleza. Mwaka 2021 kundi la Josef Käs la Leipzig lilichunguza vipande vya saratani ya titi na ya mlango wa kizazi, likaona kwamba mahali ambapo seli na viini vyake vimerefuka, umati hutembea, na mahali ambapo ni vya mviringo, umati umeganda. Mpita njia wa Mtaa wa Kongo anajua siri hiyo: ukitaka kupenya, geuka ubavu.

Sasa niseme lile linalonishangaza kuliko yote. Uvimbe wa saratani ni mgumu, lakini seli ya saratani yenyewe, ikipimwa peke yake, mara nyingi ni laini kuliko seli nzima. Watafiti wa Los Angeles walilipima jambo hilo mwaka 2007 kwa kuzibonyeza seli za wagonjwa kwa sindano ndogo isiyoonekana kwa macho. Ugumu wa donge hautoki kwenye ukatili wa kila seli. Unatoka kwenye nyuzi zilizofumwa kuizunguka, zikakazwa, na kwenye msongamano wa ndani. Umati wa watu wapole unaweza kuvunja ukuta. Na mwaka 2005 kundi la Valerie Weaver lilionyesha kwamba ugumu huo si matokeo tu: ukiziweka seli za titi kwenye mazingira magumu, zinaanza kuacha mpangilio wao mzuri na kufuata tabia ya saratani. Ugumu huzaa ugumu.

Sitaki mtu asome haya akadhani ninawaita wachuuzi wa mtaa wangu saratani. Mfano ni mfano tu. Nimetumia umati wa Kariakoo kwa sababu msomaji anaujua kwa mbavu zake mwenyewe.

Hebu sasa tuangalie picha ya jambazi inavyotuua.

Kwanza, picha hiyo inasema adui huumiza. Jambazi akiingia, patakuwa na kelele. Kwa hiyo mama akikuta gololi ngumu kwenye titi, swali la kwanza analoulizwa na dada zake ni, "Kinauma?" Akisema hakiumi, wote wanashusha pumzi. Jirani yangu mmoja, mama wa makamo aliyekuwa akiuza vitenge, alikuwa na kivimbe kigumu kama kokwa ya tende. "Mwalimu," aliniambia, "wala hakiumi, kimekaa tu." Alikandwa kwa mafuta ya nyonyo, akanyweshwa mizizi, akaambiwa kinayeyuka. Miezi kumi na moja ilipita. Alipofika hospitali titi lilikuwa kidonda, na ugonjwa ulikuwa umeshafika kwenye mifupa. Tulimzika kabla ya Ramadhani iliyofuata. Sisemi kwamba kukandwa ndiko kulikousambaza. Hakuna aliyempima kujua hilo. Nasema kulimla miezi kumi na moja, na miezi hiyo ndiyo iliyokuwa dawa yake.

Picha ya umati inatoa jibu jingine. Msongamano hauumi mpaka ukandamize neva au uchane ngozi. Uvimbe mchanga wa titi kwa kawaida hauna maumivu. Kinachosema si uchungu, ni ugumu. Tabibu wa Misri ya kale, katika waraka unaojulikana kwa jina la Edwin Smith wenye umri wa zaidi ya miaka 3,500, tayari alikuwa akiweka mkono juu ya vivimbe vya kifua na kuandika alichokihisi. Vidole ni kipimo cha fizikia. Ni kweli, na lazima isemwe ili tusitishane bure, kwamba vivimbe vingi vya titi si saratani. Lakini kuvitofautisha si kazi ya shangazi wala ya mwalimu. Ni kazi ya hadubini.

Pili, picha ya jambazi inasema usimchokoze aliyelala. Ndipo unasikia maneno yale: "Ikiguswa na kisu tu, inasambaa." Maneno haya nimeyasikia kutoka kwa watu waliosoma kuliko mimi. Chanzo chake ni rahisi. Mgonjwa anachelewa mwaka mzima, anafika umati ukiwa umeshavunja geti, anapasuliwa, anafariki, na kisu kinabebeshwa lawama ya kalenda. Seli hazimsubiri daktari. Zinajivuta zenyewe kutoka pembezoni mwa donge, na nyingine husafiri kwenye damu zikiwa zimeshikana makundi. Mwaka 2014 watafiti wa Boston walionyesha katika panya kwamba vikundi hivyo, japo ni vichache, vina uwezo mkubwa wa kuotesha uvimbe mpya, mara 23 hadi 50 kuliko seli iliyo peke yake. Ndiyo maana daktari mpasuaji hukata donge pamoja na nyama nzima inayolizunguka: anajua ukingo wa umati si pale macho yanapoishia. Zipo saratani chache ambazo madaktari wenyewe huchagua kwa tahadhari kubwa mahali pa kuingizia sindano. Tahadhari hiyo ni ya fundi anayejua kazi yake. Haifanani hata kidogo na hofu ya mtaani.

Tatu, picha ya jambazi inasema dawa ni sumu moja ya kumwua mmoja. Kwa hiyo mwuzaji mwenye chupa ya rangi ya chai anaweza kukuambia, "Mzee, hii inayeyusha uvimbe wowote." Uvimbe wowote! Afrika Mashariki ndiyo iliyoufundisha ulimwengu kwamba hakuna uvimbe wowote. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Mulago, Kampala, aliandika juu ya uvimbe wa mataya ya watoto ambao leo una jina lake. Ni saratani ya seli za damu zisizoshikana kwa gundi ile ya titi au mlango wa kizazi. Hukua kwa kasi ya kutisha, na kwa dawa sahihi huweza kusinyaa kwa kasi ya kushangaza. Dawa mojawapo inayotumika ni vinkristini, ambayo imetoka kwenye mmea, ua la Madagaska linalopandwa mbele ya nyumba nyingi hapa mjini. Wanaosema tunadharau mimea wasikie hapo. Lakini vinkristini hufanya kazi kwa sababu inajulikana inagusa nini: huharibu kamba ambazo seli huzitumia kuvuta na kugawanya urithi wake inapojigawa. Imepimwa kwa miligramu. Chupa ya rangi ya chai imepimwa na nani?

Nitaambiwa kwamba hayo yote ni ya maabara za Ulaya na Marekani, na kwamba yamefanywa kwa panya na kwenye visahani. Mengi yake, ndiyo. Wala sidai kwamba fizikia imeleta kidonge cha kukifuta kinachoitwa saratani. Sidai pia kwamba urithi ulioharibika si kitu. Bila huo umati usingeanza. Nadai jambo dogo zaidi: picha tunayowapa watu inaamua watafanya nini kesho asubuhi. Mpe mama picha ya jambazi, atatafuta mganga wa kumkamata. Mpe picha ya umati unaojazana nyuma ya geti, ataelewa kwa nini siku zina thamani.

Na geti hilo lipo. Chini ya ngozi laini ya mlango wa kizazi kuna utando mwembamba. Seli zilizoharibika huweza kusongamana juu ya utando huo kwa miaka, mara nyingi kumi au zaidi, kabla hazijavuka. Mhudumu aliyefundishwa anaweza kuziona kwa kupaka siki tu, siki ya kawaida, zikabadilika kuwa nyeupe, akaziunguza au kuzigandisha siku hiyohiyo. Saratani hii ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, na chanjo ya virusi vinavyoisababisha imekuwa ikitolewa kwa wasichana nchini kote tangu mwaka 2018. Tunaijua, tunaweza kuiona, tunaweza kuizuia. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na hapa hata ukuta hatujengi, tunachimba kaburi.

Kuna hoja moja ninayoiheshimu: umaskini. Mama anayeuza nyanya Shimoni akiacha meza yake siku moja, wanawe hawali. Siwezi kumjibu mtu huyo kwa methali. Lakini jirani yangu alilipa kwa muda wa miezi kumi na moja: mafuta, mizizi, mkandaji, nauli ya kwenda kwa mganga wa pili na wa tatu. Umaskini ulimchelewesha, lakini aliyezichukua fedha zake ni picha ya uongo. Kutoka hapa Kariakoo mpaka Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, pale kwenye jengo la Wajerumani lililofunguliwa kama hospitali mwaka 1897 na kuwa taasisi mwaka 1996, ni kilomita chache tu. Wapo watu wa mitaa yetu wanaozitembea kilomita hizo kwa mwaka mzima.

Kwa hiyo nina madai. Daktari, ukimaliza kuandika jina la ugonjwa, chukua dakika tatu ueleze kinachosukuma na kinachovuta. Mgonjwa wako amewahi kukwama Msimbazi, ataelewa. Mtangazaji, acha kutuambia habari za seli iliyoasi. Sheikh na mchungaji, ombeni, lakini baada ya dua semeni, "Na kesho asubuhi nenda ukapimwe." Mwuzaji wa chupa, sina la kukuambia zaidi ya kwamba nimehesabu waliopita kwako, nawe huwahesabu.

Na wewe mama, wewe dada: mkono wako ukikutana na kitu kigumu ambacho jana hakikuwapo, usikiulize kama kinauma. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Kabla hujamwambia mtu yeyote wa mtaani, nenda ukamwonyeshe mwenye hadubini, na uende wiki hii.